Nililinda Ndege Baba Akizikwa

Lipangalala,
Ifakara.
Jumatano, 4 Juni 2025

Mpendwa Baba Mdogo Kassian,

Shikamoo, Baba Mdogo. Hamjambo huko Kanada, wewe na Mama Mdogo Jenifer? Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho ulimwambia Mama kwamba siku hizi unalala sakafuni kwa sababu godoro linakuumiza, na tangu siku hiyo Mama anaamini kabisa kwamba huko Kanada hamna vitanda. Na Alphonce, ameshamaliza mitihani yake? Mwambie dada yake anamsalimu, na ile picha ya theluji bado anaisubiri.

Sisi hapa tupo, tunapumua. Mama ni mzima wa kutembea, ila presha inapanda na kushuka, na amekonda mpaka magauni yake anayafunga kwa kanga kiunoni. Mvua zimekatika. Mpunga umeshavunwa sehemu nyingi na barabara ya kwenda Mngeta ni malori na magunia tu. Mimi mwili hauna ugonjwa.

Pole tena kwa kufiwa na kaka yako. Najua ulitaka kuja, nauli ikapatikana, makaratasi yakakukwamisha. Hapa hakuna aliyekulaumu kwa hilo. Jina lako lilisomwa kwenye misa, na wimbo ulioomba uimbwe uliimbwa.

Najua pia unachosubiri niseme. Shangazi Odilia alikupigia akakueleza kwamba siku ya maziko ndege yangu ilitua hapa Ifakara, watu wote wakaiona, nami sikufika makaburini kuweka udongo kwenye kaburi la baba yangu. Umekaa kimya miezi miwili, hukunigombeza wala hukuniuliza, na kimya hicho kimeniuma kuliko yote aliyosema Shangazi. Baba Mdogo, aliyokwambia ni kweli. Sasa soma na upande wangu, tafadhali.

Ngoja kwanza nikueleze kazi yenyewe, maana hata wewe uliyenisomesha nadhani hujui ulichoninunulia. Hapa kwetu ukisema mtoto ni rubani, wanadhani anakula meza moja na mawaziri. Mimi naamka saa kumi alfajiri kwenye chumba cha Kipawa, Dar, ninachopanga na wasichana wawili wa kaunta ya tiketi. Saa kumi na moja na nusu nipo uwanjani, napakia mizigo ya abiria kwa mikono hii, nasaidia kuikagua ndege, nafuta viti walivyotapikia wa jana. Ndege ni ndogo, ya abiria kumi na wawili. Kwa siku tunatua mara sita, mara nane, viwanja vya changarawe na vya majani, na katikati hupati hata nafasi ya kwenda chooni. Mshahara wa msingi haumalizi kodi na chakula. Kinachotuweka mjini ni malipo ya saa za kuruka, na saa inahesabiwa magurudumu yanaposogea tu. Ukisubiri abiria kiwanjani saa tano nzima, jua la utosini, wao wanaita mapumziko. Sare nanunua mwenyewe. Daktari wa kunipima kila mwaka namlipa mwenyewe. Msimu wa mvua watalii wakipungua, nimewahi kupokea pungufu ya anachopata Nazari, mpwa wake Mama anayeendesha trekta kule Mngeta, naye anakula kwao.

Utasema, si uache utafute pengine. Hapo ndipo penye jambo usilolijua, na naomba ukae chini kabla ya kuendelea kusoma.

Nilipomaliza chuo kwa jasho lako, nilizunguka mwaka mzima bila kupata kazi. Leseni peke yake haitoshi, lazima ufundishwe aina ile ya ndege unayokwenda kuirusha, na mafunzo hayo ni ghali sana. Kampuni hii ikasema itanifundisha kwa gharama yake, ila niitumikie miaka mitano. Nikiondoka kabla ya hapo, au nikifukuzwa kwa kosa, gharama yote inadaiwa kwa mkupuo, na awepo mdhamini mwenye nyumba au shamba. Baba akaja Dar na bahasha kwapani. Ndani ilikuwa hati ya nyumba hii ninayoandikia.

Najua, Baba Mdogo. Kiwanja ni cha Babu, na nusu yake ni yako. Nilimwomba Baba akuulize kwanza. Akasema wewe umeshajinyima vya kutosha, asikuongezee mawazo kwa jambo la miaka mitano tu, mtoto akishatulia kazini hati itarudi sandukuni na hakuna atakayejua kama ilitoka. Akatia sahihi. Hata Mama hakuambiwa. Hati iko kwenye kabati la mwanasheria wa kampuni, nami nimebakiza miaka miwili na miezi saba.

Wala si vitisho vya mdomoni. Mwenzangu mmoja, Remigius, aliiacha ndege peke yake kwenye kiwanja fulani cha kusini, robo saa tu, akatafute chai. Watoto wakapanda juu ya bawa na kulipinda kidogo. Kanuni yetu inasema mmoja wetu asibanduke kwenye ndege mpaka abiria warudi, mlinzi wa kiwanja awepo au asiwepo. Alifukuzwa wiki hiyo hiyo, na shamba la minazi la baba yake likauzwa kabla mwaka haujaisha. Sasa hivi Remigius anauza simu Kariakoo na hapokei tena simu zetu.

Baba alifariki Jumapili. Ninaye hapa moyoni na siwezi kukuandikia zaidi juu ya hiyo Jumapili. Maziko yakapangwa Jumanne. Mvua ilikuwa imekata barabara karibu na Mkula na mabasi yalikuwa yamelala hapo siku ya pili, hata ningepanda basi nisingefika. Nikaangalia ratiba yangu ya kazi. Jumanne nilikuwa nimepangiwa safari ya kuleta wanunuzi wa mpunga, kwanza kiwanja cha shamba la Mngeta, kisha Ifakara, tukae hapo mpaka saa kumi. Nikaona Mungu amenitumia usafiri. Nikampigia Shangazi, nikamwambia sogezeni maziko mpaka saa nane, nakuja na ndege. Nilisema hivyo kama mtu anayesema nakuja na bodaboda.

Kulikuwa na tatizo moja. Rubani aliyefiwa anatakiwa aseme, na akisema anaondolewa kwenye ratiba mpaka daktari amruhusu. Sheria hiyo ni nzuri, sina ugomvi nayo. Mtu mwenye machozi asishike usukani wa watu. Lakini ningesema, angepangwa mwingine, ndege ingekuja Ifakara bila mimi, na viti vyote vilikuwa vimekodiwa. Kwa hiyo nilinyamaza. Nilificha kifo cha baba yangu ili nikamzike.

Mngeta wageni walichelewa kwenye maghala. Tulitua Ifakara saa saba na nusu. Bado nilikuwa na muda, kutoka uwanjani mpaka nyumbani ni dakika kumi. Rubani mkuu wangu siku hiyo alikuwa Kapteni Fulgence, mtu mzima, mpole. Nikamwomba nafasi nikasalimie nyumbani mara moja. Akanitazama vizuri usoni.

"Kwenu ndiyo hapa hapa, eh? Kuna tatizo lolote?"

"Hapana, Kapteni."

"Wote wazima?"

"Wote wazima."

"Basi kaa na ndege kwanza, mimi niende na hawa wageni nikatie kitu tumboni, tangu asubuhi sijala. Nikirudi na wewe utakwenda kuwasalimu."

Ningemwambia kuna msiba, angenisimamisha hapo hapo, ingebidi aripoti, na kosa la kuficha ni la kufukuzwa. Nikasema sawa, Kapteni. Alirudi saa tisa na nusu, pamoja na wageni, tayari kuondoka.

Msafara ulipita barabara ya kando ya uwanja saa nane, kama nilivyokuwa nimewaomba. Walisimama, Baba Mdogo. Gari lililombeba Baba lilisimama pale barabarani, watu wote nyuma yake kwa miguu, wananisubiri mimi. Nilikuwa nimesimama chini ya bawa na shati jeupe na mistari miwili ya dhahabu mabegani. Shangazi Odilia akakatiza majani akanijia, mkononi ana kanga ya kunifunga.

"Fausta, baba yako yuko barabarani anakungoja."

"Shangazi, siwezi kuiacha ndege."

"Ndege? Ina miguu hiyo? Itakwenda wapi?"

"Nitafukuzwa kazi, Shangazi."

Hilo ndilo nililosema, na hilo ndilo alilokupelekea. Sikuweza kumwambia la nyumba, angelipiga yowe pale pale mbele ya jeneza. Alinitazama mabega, halafu uso, akaikunja ile kanga polepole mpaka ikawa ndogo. "Haya, baki na ndege yako," akasema. Gari likawashwa wakaondoka.

Wakati wa kurudi Kapteni aliniachia niirushe mimi. Nilipogeuza upande wa mto niliwaona makaburini, wengine wameshaanza kutawanyika. Nyuma yangu walikuwa watu kumi na wawili wasiojua aliyewabeba yuko katika hali gani, na kwa hilo pia najiona mkosaji. Kapteni alikuja kusikia habari wiki mbili baadaye. Alinivuta pembeni akasema ningemwambia angenizuia nisiruke. Nikamjibu ndiyo sababu sikumwambia. Hajaripoti mpaka leo, Mungu ambariki.

Sasa sikia mwisho wake. Mwezi wa tano kampuni ilituambia marubani tisa tukae nyumbani bila malipo mpaka watalii warudi. Hawakutufukuza, kwa hiyo mkataba upo, na miezi ya kukaa bure haihesabiwi kwenye ile miaka mitano. Kwenda kampuni nyingine hairuhusiwi. Nimerudi Lipangalala nikiwa sina chochote zaidi ya siku. Naweza kukaa kaburini kwa Baba kutwa nzima, na siku nyingine hukaa. Mama hajawahi kuniuliza neno. Ananipakulia chakula, ananiachia kiti cha Baba, na majirani bado wananiomba niwaombee watoto wao kazi kwenye ndege.

Jumamosi hii kuna kikao cha ukoo cha mirathi. Wiki iliyopita Shangazi alifungua sanduku ili hati iandikwe jina la Mama, akakuta haipo. Wamepekua mpaka dari. Na sasa, kwa kuwa zaidi ya Baba na Mama hakuna mwingine aliyekuwa akishika ufunguo wa sanduku, wameanza kusema Mama ndiye aliyeificha, auze nyumba arudi kwao Malinyi. Wanasema akiwepo, Baba Mdogo, wanasema huku anawawekea maji ya kunawa. Juzi nilimkuta jikoni amejifunika uso kwa upande wa kanga.

Siwezi kumwachia hilo. Na siwezi kusimama mbele ya wazee niseme kwamba Amedeus aliweka rehani kiwanja cha ndugu yake kwa siri. Baba alikuwa mtu wa kuaminiwa na kila mtu hapa, mpaka fedha za jumuiya zilikuwa zinalala kwake. Hayupo wa kujieleza. Kwa hiyo nimeamua. Jumamosi nitasema hati niliichukua mimi, kwa wizi, Baba na Mama hawakujua. Wataamini bila shida, wameshaniona nikichagua ndege.

Najua kitakachofuata. Watanitoa kwenye nyumba hii, na nitaendelea kuifanyia kazi miaka miwili na miezi saba, siku kampuni ikiniita tena. Sikuombi fedha, tafadhali usitume hata senti. Ukimkasirikia Baba, una haki, ila mkasirikie kimya kimya. Na Shangazi akikupigia akakwambia Fausta ni mwizi, usinitetee. Sema umesikia.

Mama anakusalimu sana. Nazari anakusalimu, na bibi yetu Klementina anauliza kama huko mnapata dagaa. Shangazi hajanipa salamu zake, ila nakufikishia, maana anakupenda. Tusalimie Mama Mdogo Jenifer na Alphonce.

Ningeweza kukueleza haya yote kwa simu leo hii. Ungenikataza, nami sijawahi kukukaidi tangu nizaliwe. Ndiyo maana nimeandika, na kesho asubuhi naipeleka posta. Ikikufikia, kikao kitakuwa kimekwisha zamani.

Mungu akulinde huko ugenini, akuponye mgongo, na akujalie siku moja uje uweke udongo wa kaka yako kwa mikono yako, na wangu uniwekee.

Ni mimi binti yako nikupendaye,

Fausta Amedeus