Kinu Kinachozunguka Kinyume

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko? Sisi wazima, mgongo wa mama yako umetulia, nami kinu kinanipa riziki kama kawaida.

Video aliyonitumia mchumba wako, ya kinu kipya alichokifunga huko kazini kwenu, nimeiona. Nimeirudia, nikamwita na mama yako. Mwanangu, gurudumu la mota linazunguka kinyume! Nasaga nafaka tangu hujazaliwa. Fundi umeme akichanganya nyaya, mota inarudi nyuma, hilo halina mjadala. Sasa mtu asiyejua mbele na nyuma nimkabidhi binti yangu? Waambie wazee wake wasije kwanza. Uninunie ukipenda, lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Baba yako

5 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini hamjambo nyote. Nimesoma nikalia, nikacheka, nikalia tena.

Gurudumu linazunguka sawa, nimesimama mbele yake nikaliona. Mwongo ni simu. Kamera haikodoi macho muda wote; inapiga picha moja moja, upesi sana, kisha inazipanga zionekane zinatembea. Kati ya picha na picha, kila mkono wa gurudumu, zile njiti zake za katikati, unakimbilia nafasi ya mwenzake wa mbele, na picha inayofuata inaunasa kabla haujafika. Picha baada ya picha, unazidi kubaki nyuma kidogo. Na kwa kuwa mikono yote inafanana, sisi tunaona gurudumu linarudi.

Usiniamini mimi. Kipige video kinu chako mwenyewe, tangu kinapowashwa.

Binti yako

14 Machi

Baba, shikamoo.

Mgongo wa Mama vipi? Na wewe, mbona kimya? Mwenzangu kila tukionana ananiuliza kama umejibu, hata chakula hakimpandi. Nampenda, Baba. Nimeona nikwambie waziwazi, maana kuzungukazunguka sijui.

Binti yako

17 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi, afya tunayo, tena ya kucheka.

Nilikuwa nimekasirika, ndiyo maana nilinyamaza. Jana mama yako akachukua simu bila kuniuliza, akakipiga video kinu changu wateja wakiwa wamejaa. Mwanzo gurudumu lilikwenda vizuri. Likasita. Halafu, mbele ya watu, likaanza kurudi nyuma, kinu changu nilichokifunga kwa mikono hii! Nikainua macho: linakwenda mbele. Nikarudi kwenye simu: linarudi. Mama yako akaniuliza, "Na wewe tukurudishe kwenu?" Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga unga wake, nikamsagia mwingine.

Nimemkosea kijana wa watu. Waambie wazee wake njia ni nyeupe, waje Jumamosi. Na yeye mwambie asinitumie tena video wala picha, hata ya uso wake. Aje mwenyewe, akae hapa karibu yangu, nimwone kwa macho.

Baba yenu