Vijiti vya mishikaki kwa ajili ya ubongo

Dada Stella, shikamoo.

Huku Kariakoo jua linawaka kama lina ugomvi na mtu, na mimi pia ninao. Sisi wanafunzi sita wa udaktari tumepewa shina moja la ubongo wa maiti, tufuatilie njia za neva. Mwenzangu akatumia kisu cha chuma, akakata nyuzi za upande wa kushoto, lawama nikatupiwa mimi. Upande wa kulia nao ukiharibika, narudishwa nyumbani. Nikaja kununua vijiti vya mianzi, maana mwanzi hutenganisha nyuzi bila kuzikata.

"Mishikaki ya nyama gani, dada?" muuzaji akauliza.

"Nachambulia ubongo wa mtu, chuoni."

"Astaghfirullah! Chukua, uende!"

Kesho upande wa kulia naushika mwenyewe, uzi kwa uzi. Wasalimie watoto, na kitanda changu usikitandike.

Mdogo wako akupendaye,
Rehema