Diski Iliyobaki Mwezi Mei

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Joanitha Kokushubira. Umri: miaka 43. Kabila: Mhaya. Dini: Mkristo. Kazi: fundi wa kompyuta. Makazi: Katubuka, Kigoma.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Huitwa kutengeneza seva ya kampuni moja inayopokea mizigo ya Bujumbura na Kalemie hapa mjini. Seva ni kompyuta inayotunza kumbukumbu zote za mizigo. Ina diski mbili, ya kushoto na ya kulia, na kila kinachoandikwa huandikwa kote kuwili ili moja ikifa nyingine ibaki. Mwishoni mwa kila diski kuna alama inayoiambia mashine mwenzake ni nani na mara ya mwisho zilifanana lini. Naomba afande aandike hilo polepole, maana kesi yote iko hapo.

Mnamo tarehe 14/7/2025 asubuhi umeme ulikatika ghafla, ukarudi, seva ikawaka yenyewe. Meneja, Bw. Theophil, alipofungua orodha ya mizigo alikuta inaishia Mei. Juni haipo, wala Julai. Nywila ya kufuta anayo karani mmoja tu, Lyse Niyonkuru. Meneja hakuniita mimi kwanza. Aliwaita ninyi polisi.

Nilipigiwa simu saa tano nikiwa kwenye kazi nyingine Gungu, Lyse akiwa tayari mahabusu. Nikapanda bodaboda. Meneja aliniambia, "Dada Joanitha, huyu binti ametumaliza. Mizigo ya watu tutaionaje?" Nikamwambia atulie, nitazame kwanza. Nimechoka na ofisi ambazo mashine ikipiga chafya anakamatwa mtu.

Nilikuta kwamba umeme ulipokatika, alama ya diski ya kushoto iliharibika, si kumbukumbu zake, na mashine ikashindwa kuisoma. Ikaamka na ya kulia peke yake. Na ya kulia ilikuwa imeacha kuandika tangu Mei. Diski ikikwama hivyo, taa yake nyekundu huwaka mbele ya seva na haizimi mpaka fundi aizime. Mimi sikuitwa. Mahali pa taa nilikuta stika ya kampuni. Meneja alisema walikuja wageni wakaulizauliza ile taa ni ya nini, akaona aibu, akaifunika. Stika sikuibandua. Nimeiacha afande akaione mwenyewe.

Nilifungua diski ya kushoto kwa kusoma tu, bila kuandika chochote. Juni ipo. Julai ipo mpaka Ijumaa jioni, mafuta ya kula ya Bujumbura, kwa jina la Lyse. Hakufuta hata mstari.

Meneja akasema, "Basi zisawazishe upesi, wateja wako dirishani." Mashine ilikuwa inauliza ndiyo au hapana, naye alishanyoosha kidole kubonyeza ndiyo. Mashine ilikuwa inaiamini diski ya kulia. Angebonyeza, Mei ingeandikwa juu ya Julai na Lyse angebaki hana cha kumtetea. Nilimshika mkono. Sijawahi kumshika mkono mtu aliyenizidi umri, na bado naona vibaya. Nikaichomoa ya kushoto, nikaifunga kwenye kitenge changu, nikaja nayo hapa kituoni.

Hapo kaunta nimemkuta Concilie, mama yake Lyse, na bakuli la ugali limeshapoa. Ameniambia, "Umwana wanje, mtoto wangu, hana tabia hiyo, dada." Nimemjibu najua. Naomba diski hii isirudi ofisini bila polisi kuwapo.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyafanya kwa mikono yangu. Nimesomewa, yako sawa.

Sahihi: J. Kokushubira

Maelezo ya mpokeaji: Mimi Koplo Eliakimu nimepokea diski moja ndani ya kitenge. Saa 10:15 jioni nilifika ofisini pamoja na shahidi. Shahidi aliifungua diski mbele yangu na mbele ya meneja, na kazi ya Lyse ya Juni na Julai tumeiona. Meneja alibandua stika mwenyewe. Taa chini yake ilikuwa inawaka nyekundu. Meneja ameomba akamfungulie binti mlango wa mahabusu kwa mkono wake. Nimemwambia ufunguo ni wa polisi, ila kuja anaweza.