Punda wa Sikio Lililokunjika

3 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini mwili haukusumbui na masikio hayajazidi. Mimi mzima, mgongo tu unaniuma kwa kusimama. Ningekupigia simu kama watu wote, lakini mara ya mwisho nilivyopaza sauti ili unisikie, mwenye nyumba alikuja kugonga mlango akidhani napigwa. Kwa hiyo ni barua, na basi la asubuhi litaileta.

Biashara si nzuri. Fulana ninazochapa zenye maneno ya kuchekesha haziuziki. Mtandaoni kila mtu anachekesha. Nafungua duka langu kwenye simu, naona watu wamepita, wametazama, wameondoka. Mashine ya joto ya kuchapia imekaa tu kwenye kona ya chumba kama mgeni asiyejua aondoke lini, na kila nikiitazama nakumbuka kwamba niliuza cherehani ya mama ili niinunue. Ikinishinda hii, sina kingine cha mama wala cha kwangu.

Sasa nina ombi. Nichoree yule punda wako wa lango la uwanja wa mpira, anayerusha teke, na lile sikio lililokunjika. Karatasi nyeupe, wino mweusi. Huku mjini wamejaa watu waliokua wakipita kwenye lango lile. Wakimwona watanunua.

Mwanao

11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima wa kutosha kugombana na watu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Masikio ni yale yale. Sikosi mengi, maana watu wa hapa hawasemi la maana.

Punda wako yumo ndani ya bahasha. Wa kwanza alitoka mnene kama mwenyekiti wa klabu, nikamchana. Wa pili wino ulimwagika. Huyu ndiye. Unajua tangu zije hizo mashine za kuchapa mabango sijashika brashi kwa kazi ya maana? Wananiita niwapake rangi choo. Mimi, mchora mabango. Nilipokaa na punda wako nilisahau hata chai, ikapoa.

Hilo sikio watu wanadhani ni ubunifu. Wapi. Nilikuwa nachora kwenye bati la lango, nikafika juu nikakuta bawaba, nafasi imekwisha. Ama nimkate sikio ama nilikunje. Nikalikunja. Wapinzani walikuwa wanawaita watu wa klabu punda kwa kejeli, lakini wenyewe walipomwona anarusha teke na mpira unapaa, wakalikubali jina. Sasa yuko kwenye jezi zao, kwenye basi lao, kwenye vikombe. Na mimi Jumapili iliyopita bawabu aliniambia nikate tiketi kama wengine. Nikamwonyesha lango, nikamwambia huyo nimemchora mimi. Akasema, "Mzee, sogea, unazuia watu."

Hakuna anayejua. Hilo ndilo linaloniuma, nakuambia wewe kwa kuwa mama yako hayupo wa kumwambia.

Ila hao wa klabu hawatanuna?

Baba yako

20 Machi

Baba yangu,

Shikamoo tena na tena. Natumaini uko salama na chai unainywa ikiwa moto. Mimi nimekonda na nina furaha. Punda anauzika, Baba. Mashine haipati muda wa kupoa. Jirani yangu muuza mkaa ananisaidia kukunja, baada ya kunawa mikono mara tatu.

Hawatanuna. Jina la klabu sijaliweka. Nyekundu yao nimeikwepa, nimempaka kijani, na mkia nimeurefusha. Kwenye kundi letu la wauzaji wanasema ukibadilisha vitu vitatu, mchoro unakuwa wako. Halafu kwani nimemwibia nani? Ni wa baba yangu. Sikio tu ndilo sikuligusa. Nilijaribu kulinyoosha, akawa punda wa mtu mwingine.

Fulana yako hiyo hapo. Ivae, usiitunze kabatini.

Mwanao

4 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Afya iko, na leo ina mbwembwe kidogo. Fulana imenikaa. Nimeivaa sokoni, nimeivaa kwa kinyozi, nimeivaa hadi uwanjani. Bawabu yule yule aliishika kitambaa, akauliza inapatikana wapi. Nikamwambia kwa binti yangu, nikamwelekeza duka lako lilivyo kwenye simu. Umeona? Nakutafutia wateja bure.

Baba yako

6 Juni

Baba,

Shikamoo. Uniwie radhi, leo sina salamu ndefu. Duka limefungwa. Si mimi niliyelifunga. Niliwasha simu asubuhi nikakuta mtandao umeliondoa lote, na maneno kwamba mwenye alama amelalamika. Mchana ikaja barua ya mawakili wa klabu. Punda ni alama yao ya biashara, wameisajili, na wanataka fulana zote, karatasi za kuchapia, na mashine yenyewe. Wameweka picha ya punda wao na picha ya wangu, na kwenye sikio wamezungusha duara.

Nimepata wakili, mwanamke mkali asiyecheka. Nilipomweleza habari ya vitu vitatu alinikata kauli. Akasema sheria hiyo haipo popote, ni maneno ya vijiweni. Lakini akauliza ni nani aliyemchora wa kwanza. Nikamwambia ni wewe. Akaweka kalamu chini. Akauliza kama uliwahi kuwasainia kwamba umewaachia mchoro. Nikasema walikulipa rangi na kazi ya siku, basi. Akasema hapo tuna pa kusimama. Kusajili alama ni jambo moja, na hakimiliki ya mchoro ni jambo jingine. Kama hukuwaachia, mchoro bado ni wako, na wewe ndiye uliyenipa.

Kwa hiyo Baba, nisikie kwa hili moja. Wakija watu wa klabu usizungumze nao. Usitie sahihi kitu chochote, hata wakisema ni cha heshima. Nakuja na wakili mwisho wa mwezi. Naogopa, Baba. Mashine hii ndiyo cherehani ya mama.

Mwanao

9 Juni

Mwanangu wa pekee,

Hujambo? Mimi leo neno sijambo halinitoshi. Kaa chini kwanza.

Juzi gari la klabu lilisimama mlangoni kwangu. Katibu mwenyewe akashuka, akanishika mkono, akasema, "Mzee wetu, tumekutafuta." Jana wakanipeleka uwanjani, nikaketi viti vya mbele, penye kivuli. Kabla ya mechi wakaniita katikati, wakatangaza kwa kipaza sauti kwamba huyu ndiye aliyemchora punda wetu. Hata mimi nilisikia. Watu wakasimama. Wakanivisha jezi, mgongoni imeandikwa Fundi Rangi. Nililia, mwanangu, sikuficha. Na yule bawabu alinifungulia lango kwa mikono miwili.

Ofisini wakanipa chai na karatasi ya kumbukumbu, kwamba ni mimi niliyemchora na kwamba nilimchora kwa ajili yao. Nikasema hiyo ningeisaini hata kwa mkono wa kushoto. Nikatia ile sahihi yangu ya kwenye mabango, yenye mkia. Katibu akauliza kama na binti yangu anachora. Nikamwambia yule hawezi kuchora hata yai, nilimchorea mimi, aliniomba yule yule wa langoni. Akacheka, akaandika.

Jirani anasema kuna bahasha yangu ofisi ya mabasi. Nitaifuata Jumatatu, leo miguu imechoka kwa heshima.

Baba yako, Fundi Rangi

30 Agosti

Baba,

Shikamoo. Natumaini afya yako ni njema.

Kesi haikufika mbali, na ile safari ya mimi na wakili kuja kwako haikuwa na maana tena. Wakili wao alitoa ile karatasi ya kumbukumbu. Ulisoma mistari ya juu. Chini yake imeandikwa kwamba umewaachia mchoro na haki zake zote tangu siku ya kwanza. Karatasi ya pili ina maneno yako, kwamba nilikuomba yule yule wa langoni. Wakili wangu aliisoma, akafunga jalada. Akasema tukubali masharti yao kabla hawajaomba zaidi.

Walikuja na gari dogo. Walichukua fulana zilizobaki, hata niliyokuwa nimeianika, na karatasi za kuchapia. Mashine ilibebwa na wanaume wawili. Nimesaini kwamba sitamchapa tena punda huyo maisha yangu yote. Kwenye kona pamebaki alama nne za miguu ya meza. Sasa napiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Joto ni lile lile.

Sina hasira kwamba barua yangu ilichelewa. Mabasi ni mabasi. Kinachoniuma ni kwamba ulijua nauza punda, wakaja wenye punda, wakakuuliza habari zangu, na hukujiuliza kwa nini. Nilikuwa na wewe tu.

Chumba hiki nahama. Ukiandika, nitapita ofisi ya mabasi nikipata nafasi.

Ni mimi

14 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Mimi nipo.

Nimeisoma barua yako, nikafika mwisho nikakuta "Ni mimi". Nikageuza karatasi nikidhani "mwanao" umeliandika nyuma.

Nilikwenda klabu kuidai ile karatasi. Nilivaa jezi makusudi. Bawabu akasema bila miadi siingii. Nikamgeuzia mgongo asome. Akasema, "Mzee, sogea." Nikangoja juani mpaka gari la katibu likatoka, vioo vimepandishwa, likanipita. Nikaivua jezi pale pale, nikaitundika kwenye bawaba, karibu na sikio, nikarudi nyumbani na fulana ya ndani.

Umesema kweli. Katibu alipouliza habari zako kitu kilinigusa. Nikakisukuma, kwa sababu chai ilikuwa tamu na watu walikuwa wananiita kwa jina. Nilitaka jina langu, mwanangu, nikakutoa wewe. Naona aibu kuliandika hili, lakini naliandika.

Ndani ya bahasha kuna mchoro. Ni cherehani ya mama yako, kwa kukumbuka tu, gurudumu lake na ule ufa wa mezani ulioutia wewe kwa nyundo ukiwa mdogo. Sijamchorea mtu mwingine na sitamchorea. Nyuma nimeandika kwamba ni wako na haki zake zote, nikatia sahihi, jirani akashuhudia. Safari hii nilisoma yote kabla ya kusaini, ingawa nimeyaandika mwenyewe. Siku ukipata mashine, utauchapa.

Baba yako

6 Oktoba

Mwanangu,

Hujambo? Natumaini u mzima huko uliko.

Leo niliitwa ofisi ya mabasi, nikaenda karibu mbio, nikijua ni jibu lako. Karani akanipa bahasha, nikaona mwandiko ni wangu. Hukuja kuichukua. Anasema huko hazikai zaidi ya wiki mbili, wanarudisha. Gundi bado imeshika vile nilivyoibandika.

Naituma tena. Safari hii jina lako nimeliandika kwa herufi za bango, nene, nyekundu, zenye kivuli, zimejaza bahasha nzima. Nimemwomba dereva amwambie karani wa huko aisimamishe dirishani. Ukipita tu barabarani, hata kama hukuja kuuliza, utaliona.

Inaondoka na basi la kesho asubuhi.

Baba yako