Mvi za Mchezo

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa mpwa wangu. Magoti ya mama yanaendeleaje? Mimi ni mzima wa kutembea, ila moyo haujatulia.

Bado tunabomoa kile kiwanda cha zamani. Juzi, nyuma ya kabati la chuma, niliokota picha isiyo na jina wala tarehe. Ni wanawake wa kiwandani, wameshikana mabega, wanacheka. Niliwapenda mara moja, nikaibandika juu ya kitanda changu. Wenzangu wakanitania kwamba hatimaye nimeoa, tena wengi kwa mpigo.

Jana mvua ilituzuia kazi, nikaitazama vizuri. Nyusi zao nyeupe, kope nyeupe. Miguuni pao kuna mafungu ya zile nyuzi nyeupe tunazozitoa kwenye kuta, ambazo sisi huziita sufi, na mmoja amejivika bonge lake kichwani, kajifanya kizee mwenye mvi. Sufi ileile ambayo sisi tumejazia magodoro, kwa kuwa ni laini na ni ya bure.

Nikampelekea picha mama muuza chai wa getini. Aliishika kwa mikono miwili, akaniuliza nimeitoa wapi. Akasema huyo mwenye mvi za mchezo ni mama yake, na mvi za kweli hakuzifikia, wala wenzake wengi. Vumbi la sufi ile liliwakaa kifuani miaka, halafu pumzi zikawaishia. Leo asubuhi nilipomuuliza msimamizi, alinijibu kwamba watu hufa kwa mengi, nirudi kazini. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amejifunga kitambaa puani.

Godoro nimelitupa. Kifua changu nitakijua mbele ya safari. Kinachonitetemesha ni kingine, na unisamehe. Ule mto mdogo niliompa dereva amletee mpwa wangu, nikakwambia nimeununua dukani, niliushona mwenyewe. Ndani ni sufi hiyo.

Simu yako haipatikani tangu jana, ndiyo maana namkabidhi dereva yuleyule barua hii. Ukiisoma, kwanza mtoe mtoto chumbani. Mto usiukung'ute, usiupasue, usiuchome. Uloweshe maji, ufunge kwenye mfuko wa nailoni, ukauzike mbali na nyumba. Kisha nipigie, hata kwa simu ya jirani, uniambie hakuwahi kuulalia. Na kama aliulalia, niambie pia.

Mama msalimie sana; hili mwache asilijue.

Ni mimi kaka yako, simu iko mkononi.