Masika ananiuliza kama atoke

Butembo, siku ya ine, magaribi

Naogopa, na hapa nyumbani sina mutu wa kumuambia.

Mudogo wangu Masika alipiga simu asubui toka Oman, kule anafanya kazi ya nyumba. Alisema kwa sauti ya chini sana: patronne, bibi ya ile nyumba, anamupiga, na pasipoti yake imefungiwa. Akaniuliza miye mukubwa wake: "Yaya, leo mulango iko wazi. Nitoke?"

Wakati alikuwa anatumika kazi kama ile hapa karibu, Beni, kwa mutaa wa Bungulu, bibi ya nyumba alimutukana mara moja tu. Akabeba sac yake ya nguo, akarudi kwetu. Hakuna mutu alimufuata.

Nilikimbia kwa avocat mumoja, mutu wa sheria wa paroisse ya kanisa yetu. Akasema sheria ya kule Oman ni ingine: akitoka bila ruusa ya patron, polisi inaweza kumukamata.

Nikamuuliza, "Basi abaki apigwe?"

"Mama, mimi pia naogopa kukujibu."

Masika alipiga tena. Nikamuambia, "Baki kwanza, tutafute njia."

Kisha akasema, "Donc, hata weye, yaya, unaniacha humu."

Akakata. Tangu pale simu yake haipite, na sijui kama angali mule ndani ao ameisha kutoka.