Kidonda Yenye Sikuona

Yaya Furaha, jambo kwako na kwa watoto.

Bunia iko na baridi, na leo nimekula samaki ya Kasenyi bila kusikia utamu yake. Wiki yenye ilipita niliingiza kamera mu tumbo ya mama mumoja, nikasema: "Iko muzima." Asimwe, mwenye tulisoma naye udaktari, akashika mupira ya kamera, akaurudisha polepole.

"Angalia vizuri. Hapa pamepauka."

Akakata kanyama kadogo pale, tukakatuma ku labo. Majibu ilifika leo: kansa, lakini ingali changa, wataikata. Mama akamukumbatia Asimwe tu. Yeye iko na miaka kumi mu hii kazi ya kamera, miye miezi mbili. Najua, lakini wivu ilinichoma. Nikamuomba anifundishe. Akakubali palepale, na hiyo ikaniuma zaidi.

Uniombee roho nyepesi, yaya.

Mudogo wako, Dieudonné